Sauti Zunguko kwa Kipato Kidogo

Runinga bapa zilizoingia katika nyumba nyingi za Ijuganyondo na kata nyingine za Manispaa ya Bukoba zimeleta picha pana na angavu, lakini zimekuja na upungufu ambao mnunuzi huubaini mapema, kwamba sauti yake ni nyembamba na maneno hayasikiki sawasawa, kwa sababu ndani ya umbo lile jembamba hakuna nafasi ya spika kubwa, na spika ndogo zilizomo huelekezwa chini au nyuma badala ya kumwelekea mtazamaji. Hapo ndipo familia huanza kutafuta sabufa, jina ambalo madukani hutumika kwa seti nzima ya spika ingawa kwa asili ni la lile boksi moja la milio mizito, na hapo ndipo linapozuka swali la mazungumzo haya: mwenye fedha kidogo anunue seti ya spika tano zinazoahidi sauti ya kumzunguka, au anunue spika chache zilizo bora?

Sauti zunguko, ambayo wauzaji huiita saraundi, ni utaratibu wa kurekodi na kutoa sauti kwa njia kadhaa zinazojitegemea, ili mtazamaji asikie mazungumzo yakitoka mbele yake, gari likipita kutoka kulia kwenda kushoto, na mvua au kelele za umati zikitoka nyuma. Utafiti wake ni wa zamani kuliko inavyodhaniwa. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliomba hataza ya sauti ya njia mbili, yaani stirio, mwaka 1931. Filamu ya Fantasia ya Walt Disney ilionyeshwa mwaka 1940 katika kumbi chache za Marekani kwa mtambo maalumu wa spika nyingi. Na mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ikawa ya kwanza kusambazwa kwa Dolby Digital, mfumo wa kidijitali ambao baadaye uliingia majumbani kupitia diski za DVD na kuifanya namba 5.1 ijulikane hadi kwenye maduka ya Bukoba. Katika namba hiyo, tano ni spika ya mbele kushoto, ya katikati, ya mbele kulia na mbili za nyuma, na ile moja baada ya nukta ni njia ya milio mizito inayopelekwa kwenye sabufa. Kwa hesabu hiyohiyo 2.1 ni spika mbili na sabufa, na 3.1 ni spika tatu na sabufa.

Jambo ambalo mnunuzi hana budi kulipima kabla ya kutoa fedha ni kwamba spika haziwezi kuzaa njia za sauti ambazo hazikuwamo katika chanzo. Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu spika zilizomo katika katoni, inafaa kuhesabu njia za sauti zilizomo katika vitu ambavyo nyumba husika inavisikiliza kila siku, na hesabu hiyo mara nyingi hutoa jibu lililo wazi. Redio ya FM, iwe ni Kasibante FM ya Bukoba au kituo kingine chochote, hubeba njia mbili kwa upeo wake. Muziki wa mp3 uliojazwa kwenye flashi ni wa njia mbili. Simu inayorusha muziki kwa blututh hutuma njia mbili. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia ya televisheni tarehe 31 Desemba 2012, kwa kuanzia na Dar es Salaam, picha za vituo hufika sebuleni kupitia king'amuzi, na ingawa king'amuzi ni chombo cha kidijitali, taarifa ya habari, tamthilia na mechi nyingi za vituo vya ndani hufika zikiwa na njia mbili zilezile.

Kuhusu filamu, hali ya Kagera ina upekee wake, na inastahili kuelezwa kwa kina. Sehemu kubwa ya filamu za kigeni zinazotazamwa na watu wa kawaida Tanzania ni zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kazi iliyopata umaarufu kupitia wasimulizi kama Derek Mukandala, aliyefahamika zaidi kwa jina la Lufufu. Na kwa kuwa Bukoba iko jirani na Uganda, hata filamu zilizosimuliwa kwa Kiganda na wasimulizi wa Kampala zina watazamaji wake upande huu wa mpaka wa Mutukula. Usimulizi huo ni sanaa kamili, yenye ucheshi, ufafanuzi na ufundi wa kuileta hadithi ya Hong Kong au Mumbai karibu na mtazamaji wa Kashai au Muleba, na si jambo la kubezwa. Lakini kwa upande wa sauti una matokeo yanayomhusu moja kwa moja mnunuzi wa spika: sauti ya msimulizi hulazwa juu ya sauti ya filamu, zote mbili huchanganywa na kurekodiwa upya katika njia mbili au hata moja, na hapo njia sita ambazo filamu ilitoka nazo kiwandani hupotea kabisa. Mtazamaji wa filamu hizo anayenunua spika tano kwa ajili ya kusikia risasi zikipita nyuma ya kichwa chake ananunua kitu ambacho hakimo katika diski wala katika flashi.

Vyanzo vyenye sauti zunguko ya kweli vipo, navyo ni diski halisi za DVD na Blu-ray, baadhi ya michezo ya kompyuta na ya PlayStation, filamu za huduma za kulipia zinazotazamwa kwa intaneti, na baadhi ya chaneli za setilaiti. Nyumba ambayo jioni zake nyingi hupita katika vyanzo hivyo ina sababu nzuri ya kutafuta 5.1. Nyumba nyingine, na hizo ndizo nyingi, hazina sababu hiyo.

Hata pale chanzo kinapokuwa na njia sita, seti nyingi za bei ya chini zilizoandikwa 5.1 haziwezi kuzipokea, na ukweli huu unaonekana kwa macho nyuma ya boksi la sabufa, bila kuhitaji fundi. Mnunuzi akiomba boksi ligeuzwe na kuona kwamba upande wa kuingizia sauti kuna matundu mawili tu, jekundu na jeupe, basi seti hiyo hupokea njia mbili, kisha huzigawa ndani, hivi kwamba spika ya nyuma kushoto hurudia yale yanayosemwa na spika ya mbele kushoto, na ya katikati hurudia mchanganyiko wa zote mbili. Akiona matundu sita yaliyoandikiwa mbele, nyuma, katikati na sabufa, seti hiyo inaweza kupokea njia sita, ila kwa sharti kwamba na deki la DVD liwe na matundu sita ya kutolea sauti. Akiona tundu la HDMI, au tundu la waya wa mwanga ambao hupitisha sauti kwa miali badala ya umeme, pamoja na alama ya Dolby iliyochapishwa juu ya chombo chenyewe na si kwenye katoni peke yake, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba ndani yake kuna kifumbuzi, yaani sakiti inayofasiri sauti ya kidijitali na kuipeleka kila njia kwenye spika yake. Seti nyingi za 3.1 zimo katika kundi la kwanza: spika yake ya tatu ni nakala ya zile mbili, na huongeza zaidi wingi wa sauti kuliko mpangilio wake.

Kutokana na hayo, msimamo wa mazungumzo haya ni kwamba mwenye bajeti ndogo anunue kwanza usafi wa maneno, na fedha ambazo zingegawanywa kwa spika tano dhaifu ziwekwe katika mbili zilizo imara. Msimamo huu una sababu za kifizikia. Sikio la kijana mwenye afya husikia milio ya kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi hezi 20,000. Sauti ya mwanamume anapozungumza huanzia karibu na hezi 100, na ya mwanamke karibu na hezi 200, ilhali konsonanti zinazotofautisha neno moja na jingine hutegemea zaidi milio ya kati ya hezi 2,000 na 4,000. Spika ndogo sana za seti za bei rahisi, zenye koni ya inchi 2 au 3, hazishuki vizuri chini ya hezi 200, na kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuiachia sabufa kazi yote iliyo chini ya hapo. Matokeo yake ni kwamba sauti ya mtangazaji wa kiume hukatwa vipande viwili, kifua chake kikisikika kutoka kwenye boksi lililoko sakafuni pembeni ya kabati na sehemu iliyobaki ikitoka juu, na mzee mwenye miaka 70 anayetaka kufuatilia taarifa ya habari husikia mvumo bila maneno. Spika mbili zenye koni ya inchi 4 au zaidi, zikiwa na kispika kidogo cha pembeni kwa ajili ya milio myembamba, huibeba sauti hiyo yote mahali pamoja. Nyumba yenye wazee inapaswa kulipa jambo hili uzito kuliko mtikisiko wa besi, kwa maana redio na runinga ndiyo njia yao ya kuyafuatilia mambo ya nchi, na kuwanyima maneno ni kuwatenga.

Kipimo kizuri cha dukani si wimbo anaoupiga muuzaji, kwani huo umechaguliwa kwa ajili ya kutikisa vioo. Mnunuzi aende na flashi yake, yenye rekodi anazozijua kwa moyo. Mtu wa Bukoba ana hazina ya kutosha: rekodi ya enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya inayoandamana na masimulizi ya mashujaa, hupima kama spika inaweza kuitenga milio ya nyuzi na sauti ya msimulizi bila kuzikoroga, wimbo wa Saida Karoli hupima sauti ya mwanamke ikiwa juu ya ngoma, na rekodi ya kwaya hupima kama sauti nne zinabaki nne au zinageuka mvumo mmoja. Baada ya muziki, sharti isikilizwe sauti ya mtu anayezungumza tu, kwa kiwango cha chini, kiasi cha kuweza kumsikia anayenong'ona jirani. Seti inayoeleweka kwa sauti ya chini ni seti njema. Inayohitaji kupandishwa ndipo ieleweke itaigombanisha familia na majirani, na kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, hazikumsahau mwenye redio.

Maandishi ya wati yaliyoko kwenye katoni yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa kuwa hakuna namba inayowapotosha wanunuzi kuliko hiyo. Katoni huweza kutangaza wati 10,000 za PMPO, kifupi cha kipimo kinachodai kuonyesha kilele cha nguvu cha kitambo kidogo sana, ambacho hakina kanuni moja ya kukokotoa na kila kiwanda hukijaza kinavyopenda. Namba yenye maana ni ile ya RMS, ambayo ni nguvu ambayo chombo kinaweza kuitoa kwa mfululizo bila kuharibika. Ikiwa RMS haikuandikwa, ipo njia nyepesi ya kuutafuta ukweli: nyuma ya boksi, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kidogo kinachosema volti 230, hezi 50, na wati ambazo chombo kinavuta kutoka ukutani. Kibandiko kikisema wati 60, basi chombo hicho hakiwezi kutoa muziki wa wati 60 kwa mfululizo, sembuse maelfu, maana sehemu ya umeme unaoingia hupotea kama joto. Hilo halipaswi kumsikitisha mnunuzi. Kuongeza nguvu maradufu, kwa mfano kutoka wati 20 hadi 40, huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona kuwa ndogo, na ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili huhitajika nguvu karibu mara kumi. Kwa sebule ya kawaida wati 20 za kweli kwa kila spika zinatosha na kubaki. Habari njema nyingine ni kwamba seti ya wati 60, hata ikiwashwa hadi mwisho, huhitaji zaidi ya saa 16 kumaliza uniti moja ya LUKU.

Sebule yenyewe ni sehemu ya mtambo, nayo husahaulika kabisa siku ya kununua. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, na nyumba zake nyingi zimeezekwa kwa mabati, hivyo mvua inapoanza kunyesha juu ya chumba kisicho na silingi hakuna seti ya bei yoyote itakayoshindana nayo kwa heshima. Familia ambayo haijaweka silingi bodi na ina fedha za jambo moja tu, ingefaidika zaidi kwa silingi kuliko kwa spika, na ushauri huu unatolewa kwa dhati kabisa, kwa sababu silingi hupunguza ngurumo ya mvua, hupunguza joto la mchana, na hukaa miaka mingi baada ya spika kuchoka. Ukuta uliopigwa plasta na sakafu ya vigae au saruji tupu hurudisha mwangwi unaoyafunika maneno. Mapazia mazito, makochi ya kitambaa na zulia huunyonya, na kabati la vitabu lisilopangwa sawasawa huutawanya.

Milio mizito ina tabia yake. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo katika chumba chenye urefu wa mita 3.5 mlio wa hezi 49 hutoshea nusu ya wimbi lake kati ya ukuta na ukuta, ukajikuza wenyewe na kuvuma kuliko milio jirani. Ndiyo maana noti moja ya besi hutikisa nyumba na nyingine hupotea, na fundi huitwa kutengeneza sabufa isiyo na ubovu wowote. Kona ya chumba huzidisha uvumaji huo. Namna ya kutafuta mahali pazuri ni kuiweka sabufa kwa muda juu ya kiti anachokaa mtazamaji, kupiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha kutembea kando ya kuta huku mtu ameinama, hadi apate pahali ambapo noti zote zinasikika kwa uwiano. Hapo ndipo sabufa ihamishiwe. Spika za mbele zikae kwenye usawa wa masikio ya aliyeketi, kila moja ikiwa nyuzi 30 kutoka katikati, kama inavyoelekezwa na kanuni ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ambayo huziweka spika za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, yaani pembeni na nyuma kidogo ya msikilizaji. Katika sebule nyingi kochi limeegemezwa ukutani na hapana nafasi nyuma yake, jambo ambalo peke yake linatosha kuahirisha wazo la 5.1.

Vyombo vilivyotumika, hasa ampu na spika za Kijapani za miaka ya 1980 na 1990, ni nafasi nzuri kwa mwenye subira. Spika kubwa mbili za mbao zenye ampu yake, hata bila sabufa, huweza kuipita seti mpya ya plastiki kwa mbali. Mnunuzi akague mambo matatu. Kwanza ni volti: chombo kilichotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na kikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 huungua papo hapo, hivyo sharti kinunuliwe pamoja na transfoma ya kushushia umeme. La pili ni ukingo wa koni, ile pete laini inayoiunganisha karatasi na fremu, ambayo ikiwa ya sponji huoza na kupukutika. Pete hiyo hubadilishwa, nayo iwe sababu ya kupunguziwa bei. La tatu ni omu, kipimo cha ukinzani wa spika, ambacho hakipaswi kuwa chini ya kile kilichoandikwa nyuma ya ampu, kwani spika ya omu 4 kwenye ampu iliyotengenezwa kwa omu 8 huivutisha umeme mwingi na kuichemsha.

Kuhusu umeme, ambao Kagera imeupata kwa miaka mingi kutoka Uganda kupitia Kyaka, na kuhusu radi za ukanda wa ziwa, maelezo ni mafupi: kifaa cha kulinda runinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka ni sehemu ya bajeti, na ngurumo zikianza, plagi ichomolewe pamoja na waya wa dishi, maana radi hupita hata kwenye waya huo.

Bidhaa hufika Bukoba kutoka Kariakoo kwa barabara, kutoka Mwanza kwa meli, au kutoka Kampala kupitia Mutukula, na mahali zilipotoka si jambo dogo, kwa sababu dhamana iliyotolewa Kampala haimsaidii sana aliyeko Ijuganyondo wakati koili imeungua. Risiti ya EFD idaiwe na kutunzwa, kwa kuwa ndiyo uthibitisho wa ununuzi endapo shauri litafika Tume ya Ushindani, na jina la chombo lisomwe herufi kwa herufi, maana nakala bandia hutofautiana na kitu halisi kwa herufi moja. Mwenye shilingi 300,000 anaweza kuanza kwa kutenga theluthi moja kwa ajili ya kinga ya umeme, nyaya nene na stendi za spika, na mbili zilizobaki kwa seti ya 2.1 yenye spika za kueleweka au ampu iliyotumika. Anayetarajia kuhamia kwenye filamu za njia sita baada ya mwaka mmoja au miwili aulize leo kama runinga yake ina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ambalo huweza kuirudisha sauti kutoka kwenye runinga kwenda kwenye ampu au saundiba kwa waya mmoja, kwa sababu runinga isiyo na tundu hilo wala la waya wa mwanga itamlazimu kuunganisha kila chanzo moja kwa moja kwenye kifumbuzi, na gharama hiyo haionyeshwi kwenye katoni yoyote.